Dakika Tano za Omena

Jumatatu, 6 Juni 1966

Nimekasirika tangu asubuhi na sioni sababu ya kuacha. Mwalimu Gesare, anayetufundisha Kiswahili, ametangaza kwamba Alhamisi kila mmoja atasimama mbele ya darasa aeleze kazi ya kwao. Dakika tano. Saa ya kengele itakuwa mezani, ikilia, unakaa. Atakayeshinda atasema mbele ya D.C., mkuu wa wilaya, huko Homa Bay tarehe kumi na nane, siku ya maonyesho.

Dakika tano! Mimi, Cephas Ogutu wa Muhuru Bay, niliyelelewa kando ya omena, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa. Zitaisha hata koo halijasafishika. Halafu Mwikwabe wa Kegonga, mtu asiyeongea hata akikanyagwa, akauliza kama anaweza kumaliza mapema. Nikacheka. Nikapewa kufagia darasa. Mimi, si yeye.

Jioni bwenini nimemwandikia Mama kwamba nimeshachaguliwa. Barua huchelewa kufika Muhuru. Ningengoja nini?

Jumanne, 7 Juni

Shida moja. Nikisimama pale kimya kama mtu aliyefiwa, nani atajua mimi ni nani? Kwetu hata mpiga nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane, hukatizwa. Mtu anasimama, muziki unanyamaza, anajitaja, anataja baba na ukoo, anajisifu au anamsifu mwenzake, watu wanaitikia, muziki unaendelea. Ndiyo pakruok. Bila hiyo shughuli imepoa.

Nimeongea na Zadock, ninayekaa naye dawati moja. Nikishasema sentensi ya kwanza, asimame anisifu. Mara moja tu, kwa kifupi. Amekubali, lakini anataka nyama yangu ya Jumamosi, vipande vyote viwili. Mnyang'anyi. Nimempa, kwa ajili ya Mama.

Alhamisi, 9 Juni

Naandika kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu.

Mwikwabe alitangulia. Kupalilia wimbi, yaani ulezi. Jembe unashika hivi, gugu linalofanana na wimbi unalijua kwa shina, unang'oa, asanteni. Dakika tatu na nusu. Hakumtaja hata baba yake. Wakampigia makofi, sijui ya nini.

Nikaitwa. Nikasema omena huanikwa juani. Zadock akasimama. Mpaka hapo sawa. Akapaza sauti kwamba huyu ni Cephas, mwana wa Muhuru, rafiki wa Zadock. Akavuta pumzi. Akaendelea kwamba Zadock mwenyewe ni mjukuu wa mwanamke aliyefukuza kiboko kwa mwiko, na kwamba akipita Migori mbwa wanampisha njia. Nilimkazia macho akae. Akadhani namtia moyo.

Rispa wa nyuma akashindwa kuvumilia. Akasimama kutangaza kwamba hakuna anayecheza kama shangazi yake. James akafuata na fahali wa baba yake. Darasa linaitikia. Mimi niko mbele na chaki mkononi, wamenisahau. Ningenyamaza kwenye hotuba yangu mwenyewe? Nikajisifu. Nilikuwa nimefika kwa babu wa tatu saa ilipolia.

Mwalimu Gesare akasema omena zangu bado mbichi. Alama mbili kwa ishirini. Nikamweleza kwamba kosa ni la Zadock. Akasema saa haimjui Zadock.

Amechaguliwa Mwikwabe.

Ijumaa, 10 Juni

Barua ambazo siku zote huchukua wiki mbili! Hii imefika Jumatano. Truphena muuza samaki ameniletea jibu. Mama amesomewa barua yangu kanisani, kwenye maombi ya Alhamisi, mbele ya watu wote. Atakuja Homa Bay kwa basi na jogoo, zawadi ya msemaji.

Nimemwomba Mwikwabe augue siku hiyo. Akajishika paji la uso. Akasema hajisikii mgonjwa.

Jumamosi, 18 Juni

Homa Bay. Nilipewa kubeba mabenchi. Mama alikuwa mbele kabisa, gauni la Krismasi, jogoo kwapani. Kila mtu aliposimama, Mama alinyoosha shingo kuona kama ni mimi.

Mwikwabe, dakika tatu na nusu. D.C. akamshika mkono.

Nilimwambia Mama kwamba nilimwachia nafasi kwa huruma, maana huyo mvulana hana marafiki. Mama akanitazama. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akauliza tu atawaambia nini watu wa kanisa. Kisha akaenda akampa Mwikwabe jogoo, akasema huyu anaongea kama mtu aliyewahi kushika jembe. Mwikwabe akajibu asante, Mama. Mama yangu!

Niliona aibu. Nikamkasirikia Zadock zaidi.

Jumapili, 19 Juni

Nimefikiri ibada nzima na kosa nimeliona. Mtu wa kunisifu alikuwa mmoja, na mmoja hana wa kumzuia. Muhula ujao Mwalimu Gesare anarudia hotuba, safari hii dakika tatu. Nitaweka watatu: Zadock, Rispa na James. Nyama yangu imeshakwenda mpaka Oktoba.

Nimemwandikia Mama kwamba nimechaguliwa. Aje na jogoo mwingine.