Picha ya Mama Haifunguki Mlali

Jumatatu, 2 Septemba 2024. Majengo, Dodoma.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi mpaka ndani ya kibodi. Nimepuliza, nimekohoa, nimeanza kazi.

Jumamosi tunalijengea kaburi la Mama kule kijijini Mlali. Mwaka umetimia. Kaka Elisha ametoa saruji, vigae na msalaba. Bila shaka! Elisha ni mtu wa vigae. Mimi Batholomeo, fundi wa tovuti (nimejifunza mwenyewe, sidaiwi shukrani na mtu), natoa kitu kisichopata ufa: tovuti ya kumbukumbu. Mandhari ya samawati. Jina lake, Emiliana, kwa herufi za dhahabu. Katikati, picha yake.

Picha yenyewe ni moja tu duniani. Mama amesimama kwenye shamba la alizeti, kitenge cha njano, anacheka. Pembeni kimeingia kiwiko cha mdogo wake, Mama mdogo Loisi. Ilikuwa ukutani kwa Mama mdogo. Niliichukua mwezi uliopita kwenda kuiskani, nikaahidi kuirudisha kesho yake. Bado iko kwenye droo yangu. Sababu ninayo: picha ikiwa ukutani, nani atahangaika kufungua tovuti? Irudi baada ya uzinduzi.

Kile kiwiko nimekikata kwenye tovuti. Kinaharibu mpangilio.

Leo nimeipandisha tovuti hewani. Nimeifungua kwenye kompyuta. Mama huyu hapa! Nimekaa namtazama mpaka chai imepoa.

Jumatano, 4 Septemba.

Elisha amepiga simu. Shikamoo yangu ameipokea haraka haraka, halafu akasema tovuti haina kitu. Haina kitu! Anasema ni nyeupe tupu, maneno meusi yamebanana kushoto, na pale pa picha kuna kiboksi kilichovunjika. Nimefungua kwenye kompyuta yangu: samawati, dhahabu, Mama anacheka. Nimemwambia simu yake imechoka. Akasema simu ameinunua Julai. Nikasema basi ni bando. Akasema bando lipo. Nikasema basi ni mtandao wa Mlali.

 Kisha akanieleza la Mama mdogo. Daktari wa macho amesema ile presha ya macho imeshaharibu, haitibiki, na nuru iliyobaki huenda isifike Krismasi. Kila siku anauliza picha ya dada yake iko wapi. Anataka auone uso wake wakati bado anaweza. Elisha ameniomba niachane na mambo ya mtandao, nibebe ile picha ya karatasi tu, basi.

Nimeumia. Nimemjibu kwamba kwenye tovuti Mama mdogo ataikuza picha mpaka ienee kioo chote cha simu, jambo ambalo ukuta hauwezi. Akasema haya, akakata simu. Nimeshinda.

Alhamisi, 5 Septemba.

Siku nzima nimepambana. Nimefuta kumbukumbu zote za kivinjari. Nimeandika upya faili la CSS, lile linaloipa tovuti rangi na mpangilio. Nimepunguza uzito wa picha mara tatu. Kila nikijaribu kwenye kompyuta, safi! Kwenye simu sikujaribu, kwa kuwa yangu ni kitochi cha kupiga na kupokea tu tangu ile kubwa ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji. Nimewaandikia barua kali watu walionikodisha nafasi ya tovuti. Wamejibu kwa upole kwamba kwao hakuna tatizo na faili la picha hawalioni. Hawalioni! Na mimi naliona kwa macho yangu!

Asma, binti mwenye steshenari ninapokodi meza, amefungua kwa simu yake. Nyeupe tupu. Akaniuliza, kaka Batho, niruhusu nitazame ulivyoandika anwani ya picha. Nimekifunika kioo kwa mkono. Huyu amemaliza chuo juzi tu, mimi nina miaka minane katika fani. Akasema labda picha inasomwa kutoka ndani ya kompyuta yangu. Nimemwambia ahudumie wateja wake, kuna mtu anasubiri kutoa kopi ya cheti.

Ijumaa, 6 Septemba.

Nimefunga begi. Kompyuta naiacha. Nikienda nayo Elisha atasema ni kompyuta tu, si tovuti. Picha ya karatasi naiacha pia. Nilifungua droo, nikaitoa, nikairudisha. Asubuhi mtandao wa Mlali utakuwa umetulia.

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma hapa. Mwaka jana Mama alipozidiwa nilikuwa kule Zuzu, namshawishi mwenye ghala la mahindi nimtengenezee tovuti. Elisha alipiga mara nne. Nikasema nikimaliza nitampigia. Nilifika Mlali kaburi limeshafukiwa, watu wananawa mikono. Mwenye ghala naye alikataa. Elisha hajawahi kunisema kwa hilo, hata siku moja. Angenisema ningepumua. Nataka kesho niwe nimemfanyia Mama kitu kimoja kikatimia.

Jumamosi, 7 Septemba. Mlali.

Sijui niandikeje.

Ibada ilikuwa nzuri. Mchungaji aliombea msalaba, kwaya ikaimba, vigae vinang'aa (nakiri). Kabla ya chakula nikaomba utulivu. Nikasimama kwenye ngazi ya kaburi nikatoa hotuba kuhusu dunia ya kidijitali. Nikataja anwani mara mbili, polepole. Watu wakatoa simu. Nikasubiri kusikia wakishangaa.

 Mtu akakohoa. Kila simu ilikuwa nyeupe. Wakaanza kunipongeza. Mmoja alisema maandishi yanasomeka vizuri. Hapo ndipo nilipotamani kaburi linimeze mimi.

Elisha alikuwa amempa Mama mdogo simu yake. Ameketi kwenye mkeka, simu ameisogeza puani, anaihamisha huku na huku akitafuta pembe ambayo jicho lake bado linashika. Akaniuliza Emiliana yuko wapi. Nikamwambia anakuja, Mama mdogo, ni mtandao wa huku. Akasema sawa, atasubiri. Akauliza kama na kiwiko chake kitakuja. Nikasema kitakuja.

Amesubiri kweli. Wamepakua ugali na nyama, sahani yake ikapoa. Kila mtu akipita anamwambia ale, anasema ngoja kwanza, dada anakuja. Amekishika kile kioo cheupe kwa mikono miwili mpaka simu ikaisha chaji. Elisha akaichukua taratibu. Hakunitazama. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia, na mbuzi wakanitazama wao.

Jumapili, 8 Septemba. Majengo.

Asma amefungua steshenari jioni kwa ajili yangu, ingawa ni Jumapili. Safari hii sikufunika kioo. Ametazama, akaweka kidole. Ile picha, na lile faili la CSS, nimeandika vichukuliwe kwenye diski ya kompyuta yangu, kwenye folda yenye jina langu. Havijawahi kupanda hewani hata siku moja. Simu ya Elisha ilikuwa inaagizwa ikamtafute Mama ndani ya chumba changu Majengo! Asma amevipandisha, amebadilisha mistari miwili. Mama akatokea kwenye simu yake, samawati na dhahabu. Imechukua muda wa kunywa soda. Nimemwambia ndipo nilipokuwa naelekea kutazama.

Nimempigia Elisha kumpa habari. Hakupatikana. Labda simu yake bado haijapata chaji.

Ningeweza kupanda basi kesho na picha ya karatasi. Nimefikiri. Lakini sasa tovuti inafanya kazi! Aibu ya jana haifutwi na karatasi. Nitaweka mshumaa unaowaka, na kwaya ikiimba kwa chini. Wiki mbili tu, kisha nimpigie tena Elisha. Mama mdogo akifungua, aone kitu kilichokamilika.

Jumatano, 16 Oktoba.

Mshumaa ulikuwa unaganda. Nimeuandika upya mara ya tano, na leo umewaka vizuri. Nimempigia Elisha kwa furaha, nikamwambia ampelekee Mama mdogo simu sasa hivi.

Akasema haina haja. Jumapili Mama mdogo alipoamka aliuliza mbona hakuchi.

Jumamosi, 26 Oktoba. Mlali.

Nimerudisha picha. Mama mdogo Loisi ameipokea kwa mikono miwili, akapapasa kioo cha fremu. Akaniuliza juu ni wapi. Nikamgeuzia. Akaniomba nimweleze. Nikasema alizeti, jua, Mama anacheka, kitenge cha njano. Akacheka naye. Akasema kitenge kile kilikuwa chake yeye. Siku mpiga picha alipopita kijijini walikuwa na kitenge kimoja kizuri baina yao, akamvalisha dada, naye akajificha pembeni na matambara yake. Alifurahi kiwiko kilipotokea, kwa kuwa angalau walipigwa wote wawili.

 Nikamwomba anisamehe. Akanishika kichwa kama mtoto, akasema nisilie, kazi nimeifanya, Elisha amemsimulia mshumaa unavyowaka. Elisha alikuwa mlangoni, akatoka nje.

Nimeitundika picha. Nimeinyoosha. Chini yake kuna nyingine: Mama mdogo na marehemu mumewe, baba mdogo Matonya, siku ya ndoa kanisani. Nzuri sana! Imeanza kufifia upande mmoja, ikikaa hivi itaharibika. Nikamweleza faida za tovuti. Akasita, akasema ndiyo pekee aliyonayo. Kisha akasema niichukue tu, kwake sasa kote ni ukuta.

Elisha amenisindikiza mpaka kituoni. Alipoiona fremu begini akaniambia nimpe, aipige picha kwa simu yake palepale, kisha airudishe ndani. Nikamweleza kwamba ubora utapotea. Basi likaja.

Rangi nimeshachagua njiani: zambarau. Mama mdogo anaipenda sana zambarau.