Mstari Mtupu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2003. Baraka.
Mungu nisamehe, nina hasira. Mama mkwe amefika kwa miguu kutoka Lulimba, kakimbia vita na sufuria moja kichwani. Yuko hai, asante Yesu! Lakini mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya bati moja. Yeye kapewa nyumba, mimi jiko. Mimi na kuku saba.
Dawa ni shitingi, lile turubai la msaada, ajengewe kibanda chake. Rahisi! Katibu wa orodha ya wakimbizi si mimi? Nimeandika: Lulimba, mtu mmoja. Penye jina nimeacha wazi. Jina la mama mkwe halitajwi, kwa mdomo wala kwa kalamu. Mwenye adabu ataelewa.

Jumanne, 4 Machi.
Kompyuta haina adabu. Eddy, fundi wa shirika, kachapa orodha. Mstari wangu haupo! Georgette, msoma majina anayekimezea mate kiti changu, kaniuliza mbele za watu kama siku hizi naandikisha hewa.
Eddy anasema katika programu yake kila mtu ni objet, kama kisanduku: ndani mna jina, kijiji, idadi. Programu inapita ikiuliza kila kimoja, we uko na jina? Kisicho nalo, nje. Nimemwambia mama mkwe si kisanduku.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi.
Nimefunga, nimesali, nimepata ujanja. Eddy alipotoka kutia mafuta jenereta, niliketi kwenye kompyuta. Penye jina nikabonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi mara kumi na mbili. Si patupu tena!
Mama mkwe katupwa tena. Eddy kacheka hadi machozi: programu inanyoa kwanza nafasi za pembeni, ndipo inatazama kilichobaki. “Papa Norbert, hewa ni hewa tu, hata uipime kwa kilo!”
Jogoo kanyea Biblia yangu.

Ijumaa, 7 Machi.
Nukta! Nimeweka nukta moja, na programu imeipokea. Haleluya!
Ugawaji leo. Georgette kasoma: “Nukta!” Mama mkwe kaketi tu. Atajuaje kwamba nukta ni yeye? Na mimi kumwita siwezi. Nikakohoa. Nikapunga kofia. Iliposomwa mara ya tatu, karuka Eugène mvuvi, mwenye shitingi mbili tayari: “Niko!” Kachukua, kapotea. Mvua ikaanza.
Émilienne, mke wangu, kauliza kwa nini sikumpa yeye kalamu. “Ni mama yangu! Jina lake mi nalitaja kila siku!”

Jumapili, 9 Machi.
Padri kahubiri unyenyekevu. Natumaini Georgette alisikia. Kesho zinagawiwa shitingi za mwisho kabisa. Émilienne kaja tena kuomba kalamu. Nimekataa kwa upole. Katibu kuandikiwa na mkewe, Georgette atasemaje? Tena kosa nimeligundua: nukta moja ni kidogo mno, yeyote anairukia. Nimeweka mbili.
Mama mkwe katuma neno kupitia binti yake: nirudi nyumbani, atalala yeye na kuku. Mama mwema! Nimemjibu avumilie hadi kesho tu.
Kuku wenyewe tumezoeana. Wote saba nimeshawapa majina.