Mapanga Mawili ya Castory wa Mafiga

Kitu cha kwanza nilichokiona ni pumba za mchele: hazikusogea.

Lakini tulieni kwanza, enyi wa Mafiga, nanyi mnaoteremka milimani na mikungu ya ndizi, tueni mizigo mzime na redio. Maana nawahadithia habari za kaka yangu Castory, Fundi wa Mafundi, Mfufuaji wa Pasi Zilizokwisha Kuzikwa, aliyetangaza vita na anga akiwa na ndala moja ya bluu na moja ya njano.

Anga halikuwa na taarifa.

Siku hiyo Mjomba Kasimiri alishuka kutoka Mkuyuni, na kwetu Waluguru neno la mjomba halina rufaa. Akaketi kwenye stuli ya wateja katika karakana yetu, ambayo mteja hakuwa ameikalia tangu Pasaka.

"Mpwa wangu," akasema, "nimesubiri vya kutosha. Kesho mnarudi kulima, wewe na dada yako."

Shujaa akasimama, mkono kifuani. "Mjomba, helikopta ninayoiunda itapaa leo, mbele ya macho yako! Isipopaa, naufunga mlango huu kwa mkono wangu, na Editha anafungasha masufuria."

Mimi sikuulizwa. Niliinamia ungo wangu nikipepeta, nikiikumbuka ile njia ya kupanda Mkuyuni na mkungu kichwani. Shingo yangu haijaisahau.

Basi Castory akaiteka ndoo yangu ya maji, mateka asiye na kosa, akaichinja. Akapima kwa rula yangu ya darasa la tano, akatoa mapanga mawili ya helikopta, marefu kama vijiko. Akayalaza mezani yakitazamana, akayapasha kwa mshumaa, akayainamisha yote mawili upande wa mlangoni, kwa maana kwake yeye kupatana ni kufanana. Kisha akayagandisha juu ya mota ya deki mbovu ya video, na mota juu ya boksi la dawa ya meno.

Akaunganisha betri. Mapanga yakavuma! Meza ikatetemeka! Helikopta ikatikisika kama mgonjwa wa homa, ikalala ubavu.

"Fundi," akaita Shadia, jirani yetu, toka kwenye chapati zake, "hiyo ndege au mashine ya kunyolea?"

"Ni upepo wa Uluguru!" akanguruma Castory. "Unanionea wivu!"

Akatoka nje kuukemea. Aliukemea kwa kirefu, akiunyooshea bisibisi mlima mzima, na mjomba akamfuata nje kuona kama kijana ni mzima.

Waliporudi, akaishusha sakafuni, akaunganisha tena. Nayo, enyi wasikilizaji, ikapaa! Ikapaa mpaka usawa wa goti la mjomba, ikakaa hewani muda wa chafya mbili, ikaanguka kwenye ungo. Pumba zikaruka zikatua kwenye masharubu ya mzee.

Mjomba akajipangusa taratibu. "Haya. Bakini."

"Nimeukemea, ukasikia!" akapaza sauti Mshindi wa Pepo, na mpaka leo huwasimulia hivyo wateja, wote wawili.

Kaka, upepo haukukusikia. Mlipokuwa nje nililipasha panga moja kwa mshumaa, nikaliinamisha upande wa pili; maana yalipovuma mara ya kwanza pumba zangu hazikusogea, panga moja likisukuma hewa chini na jingine juu.