Plagini za Beno Mpiga Picha

Jumatatu, 2 Februari

Bahati imepanda ngazi yenyewe leo, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nirali, binti wa Mzee Indravadan wa vitambaa, anaolewa mwezi ujao na anatafuta mpiga picha. Harusi ya Kihindi! Siku nne, kila siku nguo mpya, wageni mpaka barabarani. Mimi miaka yote nimepiga picha za pasipoti, yaani watu waliokatazwa kucheka. Nikiipata hii, nimetoka. Nikiikosa, ataichukua Tarsis wa studio ya mbele, na nitasimuliwa mpaka kaburini.

Mwamuzi si Nirali. Ni shangazi yake, Bi Bhagwati, yuko Uingereza. Atumiwe linki ya tovuti yangu aone kazi. Nikasema tovuti ipo, iko kwenye matengenezo.

Sina tovuti.

Jumanne, 3 Februari

Tovuti imepatikana, ya bure. Ila iko tupu kama Kariakoo Jumapili alfajiri. Hapo ndipo zinapoingia plagini: vipande vya programu unavyovibandika ili tovuti ijue kazi mpya. Ni kama spea za Gerezani, kila moja unaapiwa ni orijino. Nimeweka ya kufanya picha ziingie kwa kuserereka. Nimeweka ya nyota kuanguka. Nimeweka ya kupima kasi. Hiyo imeniambia tovuti ni nzito mno, nimeiondoa.

Shida ni picha zenyewe. Vichwa vya pasipoti nimevificha vyote, aibu. Harusi niliyonayo ni moja, ya binamu Pantaleo, na kila picha mmoja wa maharusi kafumba macho. Jioni nikipita Kisutu nikaona dirisha la duka. Midoli mitatu ya kuvalisha nguo, sari nyekundu, dhahabu bandia, mikono juu kama wanacheza. Nikapiga. Nyuma nikafifisha. Ukiwatazama kwa mbali ni wake za watu kabisa.

Nimeongeza plagini inayozuia mtu kukuza picha. Hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote.

Jumatano, 4 Februari

Kuna plagini ya kuonyesha kwamba una wateja. Kisanduku kinaibuka pembeni: fulani ameagiza picha za harusi sasa hivi. Inataka majina. Nikaandika la kwanza lililonijia, Candida wa Kariakoo. Candida ni mama lishe wetu wa hapa chini.

Saa saba mchana mume wake akapanda ngazi. Adamu anapakua mizigo bandarini, mabega yake kama friji. Aliuliza kwa upole sana mkewe anaolewa na nani. Upole ndio ulionitia jasho. Nikaapa ni Candida mwingine. Candida akatokea nyuma yake na mwiko, akasema hata kama ni mwingine, pilau atapika yeye. Nimebadilisha. Sasa ni Candida wa Tanga.

Nikamuuliza Adamu tovuti kaionea wapi. Kaonyeshwa na Tarsis! Kwa hiyo ananichungulia. Haraka nikaweka plagini ya ulinzi. Ukijaribu kunakili picha, au ukiingia kutoka nje ya nchi (wezi wa mtandao si wanatoka huko?), inakutolea maneno niliyomtungia Tarsis mwenyewe: ONDOKA MWIZI TUMEKUONA.

Linki nimemtumia Nirali. Nimelala nikitabasamu.

Alhamisi, 5 Februari

Nirali kapiga simu. Shangazi kafungua linki sebuleni kwake, mbele ya mashemeji. Kaitwa mwizi.

Nirali hakufoka. Alisema tu kwamba shangazi anaomba kujua ameiba nini. Nikamwambia nimehujumiwa na mpinzani, simtaji, ila anakaa mbele. Kanipa mpaka kesho.

Ulinzi ukagoma kuzimika. Nikafuta plagini zote zenye harufu ya ulinzi kwa mkupuo mmoja. Nyota zikaacha kuanguka, sijui kwa nini. Lakini Uingereza imefunguka.

Ngazini Tarsis kaniuliza, "Vipi, mzee wa pasipoti, mwizi umemkamata?" Nikapanda zangu. Mtu hajui hata plagini ni nini.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeitwa dukani. Mzee Indravadan nyuma ya meza na futi yake ya kupimia, Nirali kashika simu, Bi Bhagwati ndani ya simu, miwani puani, tableti yenye tovuti yangu kaielekeza kwetu. Nikatoa shikamoo, ikaitikiwa.

Bi Bhagwati akauliza huyu bibi harusi wa sari nyekundu alikuwaje. Nikasema mtulivu mno, siku nzima hakuomba hata maji. Akauliza kwao ni wapi. Nikasema Upanga, familia ya watu wastaarabu. Akasogea karibu na kioo. Akavuta kwa vidole viwili. Picha ikakua! Ile plagini yangu kipenzi nayo ilikwenda na mkupuo.

"Huyo nilimvalisha mimi," akasema Bi Bhagwati. "Dirishani kwa mdogo wangu Paras, nilipokuja kwa sikukuu ya Diwali. Hata pini ya bluu begani ni yangu. Kumbe ameshaolewa?"

Mzee Indravadan aligeukia vitambaa akawa anavipanga upya, mabega yakitikisika.

Nirali hakucheka. "Kaka Beno, mimi nilikuja kwako kwa sababu ya pasipoti ya babu. Uliipiga akiwa anakaribia kucheka. Ndiyo tuliyoitundika ukutani alipofariki, tukaivisha shada. Ungemwonyesha shangazi hiyo tu, ingetosha."

Harusi kapewa Tarsis. Hana tovuti. Alituma picha sita kwa WhatsApp, mbili zimepinda.

Jumapili, 8 Februari

Jana sikuandika, nilikuwa nawaza kosa liko wapi. Leo nimelipata.

Si la pasipoti. Maneno ya Nirali yalikuwa ya kunifariji tu. Nani anatengeneza tovuti akaijaza vichwa? Kosa ni la midoli. Mdoli ana mwenyewe, ana dirisha, ana mtu aliyembana pini.

Sasa nimepata plagini inayochora watu wasiokuwepo. Unaandika maneno mawili matatu, inakutolea bibi harusi mzima, na hina mikononi. Nimeshatoa wanane. Hakuna shangazi duniani aliyewavalisha. Mmoja katoka na vidole sita, nimemshikisha maua.

Mama Severa wa Ilala anamwoza binti mwezi wa nne. Linki nimeshamtumia. Akiuliza huyo mwenye maua ni nani, nitamwambia ni mpwa wa Bi Bhagwati.