Vita vya Chumba cha Chini

Jumatatu, 6 Oktoba

Wamebandika tangazo ubaoni. Chumba cha chini, chumba changu, kitagawiwa upya. Atakipata mwalimu ambaye utafiti wake wa kisanaa unakihitaji kuliko wa wengine. Mkuu wa chuo ametia sahihi kwa wino wa kijani, kana kwamba ni habari njema.

Ninafundisha besi. Si gitaa. Ni ile fidla kubwa inayosimama kama kabati, ambayo mpigaji huikumbatia ili isimwangukie. Haiingii kwenye teksi mpaka dereva atukane. Lifti ya jengo letu imekuwa stoo ya stendi za nota tangu kabla sijaajiriwa. Ndiyo maana nilipewa chumba cha chini. Ndiyo maana nitazikwa nacho.

Anayekitaka ni Filimbi. Ana jina lake, lakini humu haliandikwi. Anafundisha filimbi, chombo ambacho ukikifungua vipande vitatu kinaingia kwenye mkoba pamoja na mwavuli na chakula cha mchana. Yuko ghorofa ya tatu. Ana madirisha mawili na upepo. Anataka changu! Nilimbana kwenye korido. Akaniambia kwa upole kwamba utafiti wake unahusu pumzi na ukuta, na kule juu kuta ni mbao tupu. Akaniita kaka. Hakuna matusi kama upole wa namna ile.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Akauliza mke mwenzake atapandaje ngazi. Mke mwenza ni besi. Ndivyo anavyoiita tangu tuoane. Nikasema hapandi ng'o. Akasema basi nenda kafanye huo utafiti, acha kuzifokea sahani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Bi Maswali, mkuu wa utafiti. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, na kwa mara ya kwanza nimewaona wana akili. Sijakaa vizuri akaniuliza swali langu ni lipi. Nikasema sina swali, nina majibu. Nimepiga besi umri wote huu. Akaanza kunifundisha. Mtafiti msanii, alisema, anaichunguza kazi yake akiwa ndani yake. Anapiga, anajisikiliza, anajiuliza, anapiga tena, mpaka agundue kitu ambacho asingekigundua kwa kukaa na kusoma tu. Nikamwambia sisi huku tunayaita hayo mazoezi. Akasema tofauti ni swali.

Basi nikampa swali: kwa nini filimbi ikae chini na besi ipande juu? Akasema hilo ni lalamiko, na malalamiko yanapokelewa dirishani kwa karani.

Nimetoka na hasira hadi nikakosea mlango. Nikajikuta kwenye darasa la ngoma. Pale pale akili ikanifunguka. Chumba cha ngoma kimepakana na changu. Keshokutwa asubuhi Filimbi atawasilisha utafiti wake ndani ya chumba changu, ili jopo lisikie hizo kuta anazozililia. Mwalimu wa ngoma ni mtu wangu, tunachangia birika. Nikamwomba saa hiyo wanafunzi wake wajifue kwa nguvu. Akauliza nguvu kiasi gani. Nikasema kama wanafukuza nyani shambani. Akasema, utajuta, jirani. Lakini yeye husema hivyo hata mtu akiomba sukari.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata swali. Nimelipata jikoni, kwa mama mkwe.

Nilikuwa namweleza kwamba kupandisha besi ghorofa ya tatu kutanimaliza. Mikono itatetemeka, upinde utatetemeka, sauti itatetemeka, na mimi nitachekwa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, mkwe wangu, mdomo wako haujawahi kuchoka. Sasa wapeleke hao wakubwa wako ngazini wakaone kwa macho.

Mama mkwe ni dhahabu. Nimeandika papo hapo: Je, kubeba besi ngazini kunaifanya nini sauti yake? Jibu ninalo tayari. Kunaiharibu. Nitabeba, nitapiga vibaya, jopo litaona huruma, kesi imekwisha. Nimempelekea Bi Maswali. Akasoma mara mbili, akasema hili sasa ni swali. Nilikaribia kumwonea huruma.

Mke wangu ameuliza kama sitafanya mazoezi. Nikamweleza kwamba nikizidi kuwa dhaifu, utafiti unazidi kuwa imara. Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yakipanda sufuriani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya Filimbi. Jopo lilikuwa mkuu wa chuo, Bi Maswali, na mgeni kutoka chuo kingine, bibi mmoja mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua. Walikaa kwenye viti vyangu. Mimi nilisimama mlangoni kwangu kama mpangaji aliyefukuzwa.

Filimbi alianza. Ngoma zikalipuka. Vumbi lilidondoka kutoka darini. Dirisha liliimba peke yake. Filimbi alinyamaza, nami nikaziba mdomo kwa leso.

Halafu Filimbi akauendea ukuta. Akauegemeza mgongo wake hapo, akafumba macho, akasubiri. Ngoma zilipovuta pumzi, akaingia. Sauti moja ya chini, ndefu. Ngoma zikarudi, akaziachia nafasi. Zikapumzika, akaingia tena. Ukuta ulikuwa kama unaongea naye.

Ilikuwa nzuri. Naiandika hapa kwa sababu hakuna atakayeisoma.

Mgeni akauliza kama kule ghorofani kuna ukuta wa namna ile wenye ngoma nyuma yake. Filimbi akasema hakuna. Mgeni akaandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika tena. Wakati huo huo mwalimu wa ngoma akatokea, jasho linamtiririka, akaniuliza mbele ya watu wote kama ilitosha au waongeze. Filimbi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, kaka, kumbe ni wewe uliyenipangia? Mungu akuzidishie.

Nimekula chakula cha jioni bila kusema. Mama mkwe akaniuliza ninaumwa wapi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo zamu yangu. Nililiweka jopo kwenye ngazi wanifuate nyuma, waone kila tone la jasho. Nikaipakata besi, nikapanda. Ghorofa ya kwanza magoti yalianza kubishana nami. Ghorofa ya pili shingo ya besi iligonga taa, kioo kikamwagikia kofia ya mgeni. Filimbi, ambaye hakuna aliyemwalika, akasema, nipokee walau huo upinde, kaka. Nikakataa. Hatua chache mbele nikampa.

Juu kabisa nilisimamisha besi bila kupumzika. Nilikuwa nimepanga kupiga vibaya, ila mpango haukuhitajika. Mkono wa upinde ulitetemeka wenyewe. Nikavuta uzi mzito kuliko wote, na sauti ikatoka imepasuka katikati, inatikisika kama mtu anayejizuia kulia. Nikataka kuikata. Haikukatika. Iliendelea mpaka upinde ukaisha.

Mkuu wa chuo alikohoa. Nikawaambia: mmesikia ilivyoharibika?

Mgeni akasema amesikiliza besi tangu usichana wake na hajawahi kukutana na mtetemo ule. Mikono iliyopumzika haiwezi kuutoa. Akauliza kama huwa ninaupata nikiwa chumba cha chini. Nikajibu kwa fahari: kamwe! Kule chini sitetemeki hata kidogo. Bi Maswali akaandika jibu langu neno kwa neno. Nikajua huruma imewaingia.

Nimemnunulia mama mkwe kitenge.

Jumatatu, 13 Oktoba

Majibu yametoka. Nimefaulu. Wameuita utafiti wa mfano, wameupitisha kwa miaka miwili. Filimbi naye amefaulu. Yeye amepewa chumba cha chini, kwa kuwa utafiti wake hauwezi kuishi bila ukuta ule na zile ngoma. Mimi nimepewa ghorofa ya tatu, kwa kuwa utafiti wangu hauwezi kuishi bila ngazi.

Niliingia kwa mkuu wa chuo bila kubisha hodi. Nikamwambia ule haukuwa utafiti, yalikuwa malalamiko. Akasema amenisikia nikipiga kwa miaka mingi, na Ijumaa ndiyo mara ya kwanza kumsikia mtu anayehitaji kitu. Nikasema nilichohitaji ni chumba changu. Akacheka, akadhani natania. Nikasema ninajitoa. Akaacha kucheka. Akasema asiye na utafiti atachangia chumba na darasa la tarumbeta la wanaoanza.

Sikujitoa.

Nyumbani mama mkwe amevaa kitenge na ameshawaambia majirani kwamba mkwe wake amepandishwa ghorofa tatu kwa mpigo. Wamekuja kunipa hongera. Mke wangu amenikandia mgongo. Kila akikanda anauliza, na mke mwenzangu anaendeleaje?

Jumanne, 14 Oktoba

Nimehama. Nilibeba besi, Filimbi akashika upande wa chini. Njia nzima ananiambia polepole, kaka, kona hiyo, inamisha. Ameniachia mapazia yake. Alipoondoka nikavuta ule uzi mzito. Sauti ikatoka vile vile, imepasuka, inatikisika. Nikaupiga tena, ili tu kuhakikisha kwamba nimekasirika.

Halafu nikaliona. Kumbe jambo ni rahisi! Kosa langu lilikuwa kubeba mimi. Bi Maswali anapokea maombi ya utafiti wa pamoja mpaka mwisho wa wiki. Swali langu jipya: Je, filimbi inasikikaje ikipulizwa na mtu aliyetoka sasa hivi kubeba besi ngazini? Kila siku Filimbi atabeba, kila siku atapuliza, na kabla mwezi haujaisha atanipigia magoti tubadilishane vyumba.

Nimemfuata chini, kwenye chumba changu, nikamweleza. Mwalimu wa ngoma alikuwepo, anakunywa chai kutoka kwenye birika letu. Akasema, utajuta, jirani. Sikumjali. Filimbi amefurahi hadi machozi yamemlengalenga. Ameomba kitu kimoja tu: ili tulinganishe vizuri, makao ya besi yabaki juu kwa miaka mitano badala ya miwili, na mimi niibebe kwa zamu naye.

Nimetia sahihi kabla hajabadili mawazo. Maskini, hajui anaingia wapi.