Mishale Yote Inaelekea kwa Mkurugenzi

"Inatangazwa kwa watumishi wote, wageni, na mpita njia yeyote mwenye macho: kuanzia leo, jengo la Idara ya Uratibu wa Mihuri, hapa mjini Oruro, haliwezi tena kuungua. Limewekewa alama."

Don Rigoberto Vacaflores, mkurugenzi wa Idara, alilisoma tangazo hilo akiwa kwenye ngazi, tumbo mbele, sauti ikitokea puani. Watumishi wakapiga makofi kwa kiasi kinachotakiwa na kanuni.

Usidhani alikuwa anajifurahisha. Zimamoto walikuwa wamempa hadi Ijumaa ya kanivali: ama jengo liwe na alama za vifaa vya kuzimia moto, ama lifungwe na Idara ihamishiwe kwa Don Fausto, ng'ambo ya uwanja, ambaye alikuwa na kiti chake cha ukurugenzi na hakuwa na nia ya kukigawana na mtu. Don Rigoberto alikipenda kiti chake. Kilikuwa cha ngozi, kilizunguka, na kwa miaka mingi kilikuwa kimejifunza umbo lake. Hofu ya kukipoteza ilimnyima usingizi, na kwa mtu aliyezoea kulala nyumbani na kazini, hiyo ilikuwa hasara mara mbili.

Basi, kabla ya tangazo hilo, aliunda Kamati ya Alama. Kamati ikakaa, ikanywa chai ya koka, ikakubali kwamba alama iwe nyekundu, yenye picha nyeupe ya mtungi na ndimi za moto, na ibandikwe juu kuliko vichwa vya watu ili ionekane hata ukumbi ukijaa. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye mitungi yenyewe. Mwaka uliopita mtungi mmoja wa kuzimia moto ulitoweka ukutani, ukaja kuonekana kwenye banda la kuku wa kuchoma la shemeji wa mjumbe mmoja, ambaye Kamati, kwa kujiheshimu, haikumtaja.

"Mitungi yote itakaa ofisini kwangu, mlango umefungwa," akaamua Don Rigoberto.

"Sasa alama tunazibandika wapi, mheshimiwa?" akauliza Doña Nicolasa Colque wa mapokezi, aliyekwisha kuwaona wakurugenzi wengi wakija na kuondoka. "Tukibandika pasipo na mtungi, si tutakuwa tunawadanganya watu?"

"Ndiyo maana kuna mishale, mama. Mshale haudanganyi. Unasema tu, nenda kule."

"Na moto ukiwaka wewe umetoka kwenda kula?"

"Mtanisubiri. Huu ni moto wa ofisi ya umma, una saa zake za kazi."

"Makubwa haya!" akasema Doña Nicolasa, na Kamati ikalipokea hilo kama pongezi.

Mishale ikabandikwa kuanzia mapokezi, ghorofa hadi ghorofa, yote ikielekea mlango wa mkurugenzi. Ndani, mitungi ilipokuwa, alikataa alama kuwekwa. Ukuta ule ulikuwa na picha yake, na wekundu usingepatana na tai aliyoivaa pichani. Mitungi akaifunika kwa kitambaa cha sufu chenye mistari, ili chumba kiwe na heshima.

Ijumaa ikafika. Ijumaa ya kanivali, Oruro nzima, ofisi hufanyiwa challa. Kila mashine hutundikwa riboni za karatasi na kunyunyiziwa pombe kali, na kwenye chetezo huchomwa mafuta ya mnyama aitwaye lama na peremende ili Mama Ardhi asiwasahau. Kifaa kipya ambacho hakijafanyiwa challa, nani atathubutu kukigusa? Don Rigoberto alikuwa msomi, lakini hakuwa mpumbavu. Kabla Kapteni Arancibia wa zimamoto hajaja kukagua, akajifungia ofisini na chetezo chake, maana hakutaka watumishi waje kuombaomba kinywaji, akaanza kuibariki mitungi.

Alimimina pombe kwa ukarimu. Pombe ikateremka na riboni, riboni ikagusa mkaa, na kufumba na kufumbua kitambaa, pazia na kiti cha ngozi vyote vilikuwa vinasherehekea. Mitungi ilikuwa katikati ya moto wenyewe. Don Rigoberto akafanya kama alivyowaelekeza wengine: akatoka mbio kutafuta alama. Mlango ukajibamiza nyuma yake, ufunguo ukabaki ndani.

"Moto! Moto jamani!"

Akaiona alama ya kwanza, akamshukuru Mungu. Mshale ulionyesha mlango alikotoka. Akashuka ghorofa ya chini. Mshale ulionyesha juu. Kwenye ngazi akakutana na watumishi wake wote wakipanda kwa utaratibu mzuri, na katikati yao Kapteni Arancibia, mkononi sambusa ya salteña aliyopewa mapokezi, imeumwa nusu.

"Mtungi uko wapi?" akafoka Kapteni.

"Fuata mshale!" wakaitikia wote.

Wakaufuata, mpaka kwenye mlango uliokuwa ukitoa moshi.

"Ufunguo?"

"Uko ndani," akasema Don Rigoberto. "Kwa usalama."

"Leteni ndoo!" akapaza sauti Doña Nicolasa.

Watumishi wakamtazama mkurugenzi kwa aibu. Kisha kila mmoja akakimbilia chini ya meza yake, wakarudi na ndoo zilizojaa maputo ya maji, yale yale ya kurushiana kanivali ambayo Don Rigoberto alikuwa ameyapiga marufuku jengoni.

"Nipisheni, wanangu!"

Doña Nicolasa akavunja kidirisha cha juu ya mlango kwa kiatu, na maputo yakanyesha ndani mpaka moto ukazimika. Machache yalimpata mkurugenzi kwa bahati mbaya, kisha mengine, pia kwa bahati mbaya.

Kiti kilibaki mifupa. Don Rigoberto alipokiona roho ilimuuma kweli, machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya moshi.

Kapteni akasifu alama: kubwa, nyekundu, zinaonekana, na mishale inakubaliana. Jengo likapita ukaguzi. Ila, akaagiza, chumba cha mitungi kisiwe tena na kufuli, meza, wala mkurugenzi, na picha ipishe alama. Nyingine akaibandika kwa mkono wake juu ya ndoo ya Doña Nicolasa.

Don Rigoberto akahamishiwa kachumba chini ya ngazi, kwenye kigoda. Wageni wenye shida zao walizunguka jengo zima wakimtafuta, wakarudi nyumbani. Mwishowe akaiomba Kamati imbandikie mlangoni alama, hata ndogo, yenye mshale.

Kamati ikakaa, ikanywa chai ya koka, ikamjibu kwa heshima zote kwamba alama hizo huwekwa tu penye kitu kinachosaidia moto ukiwaka.