Anayeanza Hahitaji Amplifaya

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa vyombo vya umeme,

Ukome. Nimeanza hivyo usije ukadhani ni barua ya pongezi ukaikimbiza kwa bosi wako. Salamu zako ziko mwishoni, utazikuta ukifika, kama una subira kumzidi huyo mwandishi wako anayejiita Sikio la Tatu. Mtu kazaliwa na masikio mawili kama sisi wote, hilo la tatu kalitoa wapi?

Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, mshonaji wa sare za shule, na shule yangu mwenyewe iliishia darasa la nne. Nikikosea herufi, rekebisha kimyakimya. Nikikosea hoja, njoo nyumbani tuelezane.

Jumamosi moja msomaji wenu aliuliza: mtu anayeanza kusikiliza muziki kwa hedifoni, je, anahitaji amplifaya ya pembeni, kile kiboksi cha kukuza sauti, au simu inamtosha? Sikio la Tatu akajibu hivi, gazeti ninalo hapa chini ya mkasi: "Anayeanza asijidanganye. Bila amplifaya hasikii muziki, anasikia kivuli cha muziki."

Mume wangu akayasoma hayo. Mtaa mzima unamwita Mzee Unga, kwa sababu miaka thelathini na nne alisimamia mashine ya kusaga nafaka, akawa anarudi nyumbani mweupe mpaka kope. Sasa amestaafu. Binti yetu alimzawadia hedifoni, akawa anazichomeka kwenye simu yake na kusikiliza nyimbo za ujana wetu, katulia kama mgeni. Toka alipowasoma nyinyi, hakutulia tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hilo neno "anayeanza". Mume wangu ana miaka sabini na mbili. Anaanza nini? Mtu wa umri huo akianza jambo lolote, mkewe aarifiwe kwanza.

2. Mimi nafundisha wanaoanza, tena kila mwaka. Msichana akija kujifunza cherehani simpi overloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, siku ya kwanza. Natoa uzi wote kwenye mashine, nampa karatasi ya gazeti, anapiga mistari mitupu mpaka mguu na mkono vielewane. Gazeti lenyewe ni lenu, na hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote ambayo limewahi kufanya nyumbani kwangu. Msichana huyo angekwenda kwa Sikio la Tatu angeambiwa atafute kiwanda.

3. Baiskeli. Ili apate kiboksi, mume wangu aliibadilisha baiskeli yake kwa fundi redio wa hapo kona. Baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikipeleka sare shuleni. Sasa nabeba furushi kichwani, majirani wananiuliza kama ndiyo nahama. Na mnajua hilo neno "kuhama" linanichoma vipi? Hamjui. Nakuja huko.

4. Hili nimelifuta. Lilimhusu wifi yangu, na nyinyi hamumjui.

5. Msiseme nabwata tu bila kupima. Mzee alipoingia kuoga, nilizivaa hizo hedifoni mwenyewe. Wimbo uleule, mara na kiboksi, mara bila kiboksi. Bila kiboksi nilimsikia mwimbaji, nikasikia ngoma, nikamsikia hata mtu aliyekohoa kule nyuma. Nilipoweka kiboksi nikawasikia walewale, ila mkohozi alizidisha kidogo. Kivuli sikukiona. Nikaenda kwa fundi redio, yeye na baiskeli yetu kaiegemeza mlangoni bila hata haya, nikambana. Akajikuna kichwa, akasema, "Bibi, kusema kweli hizo za mzee ni nyepesi, simu inazisukuma yenyewe. Kiboksi ni cha zile nzito za studio." Nikamuuliza, mbona hukumwambia mwenyewe? Akanijibu, "Nilimwambia, Bibi. Alikuwa amezivaa."

6. Hapa ndipo penye kidonda. Binti yetu anataka tuhamie kwake. Katutengea chumba, na anataka jibu kabla mwezi haujaisha, la sivyo anampa mpangaji. Jambo hilo si la mtu mmoja. Nimemuuliza mume wangu mara kumi na moja, nimechora alama kwa chaki ya kukatia nguo pembeni mwa meza yangu. Mara ya kwanza alinijibu, "Chai imetosha." Mara ya tano akasema, "Mwambie aje kesho." Mara ya tisa alicheka. Ndugu Mhariri, nimeishi na mtu huyu miaka arobaini na saba, tumezika, tumeozesha, tumelala njaa tukaamka tukataniana, na hajawahi kunidharau. Leo namuuliza mahali nitakapomalizia maisha yangu, ananichekea! Juzi nilimkuta hata hedifoni hajavaa, kazishika mkononi, anazifuta vumbi. Nikamuuliza. Akaendelea kufuta. Yaani kiboksi kimemfundisha kiburi cha kutumia hata kikiwa kimezimwa.

7. Sasa naomba, kwa heshima zote. Kama anayeanza kusikiliza lazima apewe mtambo, basi anayeanza kutafuna apewe kinu, anayeanza kutembea apewe injini, na mke anayeanza kupuuzwa apewe kipaza sauti cha mkutano wa hadhara. Mimi nakitaka hicho cha mwisho. Kileteni na gari lake, kile kinachofungwa juu ya paa, mkiegeshe hapo dirishani nami nitajua la kufanya. Ikiwa hamna, mtumeni Sikio la Tatu aje akae kwenye kiti cha mume wangu. Ajibu maswali yangu yote kumi na moja, apeleke sare kwa miguu, ale anachopikiwa bila kuuliza chumvi. Mume wangu mchukueni nyinyi, pamoja na nyaya zake. Mkimchoka msinirudishie mpaka mmempatia jibu.

Na gazeti litoe masahihisho, ukurasa uleule: anayeanza hahitaji amplifaya. Simu yake inatosha, masikio yake yanatosha, na mke wake anatosha.

Namaliza kwa salamu kama nilivyoahidi. Msalimie mkeo, ikiwa bado mnasikilizana. Wasalimie wapiga chapa, na mlinzi wa getini, na yule anayefunga magazeti kwa kamba, mwambie kamba zake ni imara nazitumia kuanikia. Sikio la Tatu simsalimu, ila mama yake namsalimu na kumpa pole.

Ni mimi niliyekasirika kwa adabu,
Mke wa Mzee Unga, mshonaji wa sare

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Leo asubuhi mzee alikuwa sebuleni na hedifoni zake, nami jikoni namwona kisogo. Nikampigia simu. Sikuwa na la kusema, nilitaka tu wimbo wake ukatike. Akapokea: "Haloo, mke wangu! Uko wapi? Mbona leo unasikika vizuri hivyo?" Nikamwambia niko hatua sita nyuma yako, bwana wee, nakuuliza kwa mara ya kumi na mbili, tunahama au hatuhami? Akasema, "Kwani umewahi kuniuliza?"

Nikashuku hila. Nikaenda nikachomoa kiboksi, nikachomeka hedifoni kwenye simu, nikarudi jikoni nikapiga tena. Akawa anasema haloo, haloo, ongea kwa nguvu. Nikarudisha kiboksi, akanisikia mpaka pumzi. Akasema, "Siku hizi naona midomo tu. Nilidhani ni wewe umezeeka, sauti imekwisha, nikaona haya kukwambia." Kumbe ile mashine ya kusaga ilishayala masikio ya mume wangu, nami nikamwekea alama za chaki kama mshtakiwa. Nilipima kwa masikio yangu, sikupima kwa yake.

Halafu akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Hilo hakuna aliyeniuliza tangu jambo hili lianze, hata mimi sikujiuliza. Tukazungumza mpaka salio likaisha katikati ya neno. Hatuhami. Binti ampe chumba mpangaji. Kesho tunakwenda wote wawili kwa daktari wa masikio, na kiboksi tunakibeba.

Kwa hiyo futa namba 1 mpaka 7, uchapishe hii nyongeza peke yake, useme kwamba anayeanza anahitaji amplifaya, ikiwa anayeanza ni mume wangu. Na uichape kwa herufi kubwa sana, maana sasa hata macho yake nayatilia shaka.